Nani Alimwita Mrindoko?

Kaeni vizuri, na mwenye simu aizime, kwa sababu simu zilizomo ndani ya kisa hiki zinatosha. Kisa chenyewe ni kifupi. Hukumu ndiyo ndefu, na hukumu ni yenu.

Huko Usangi, juu katika milima ya Upare, ukoo wa Mzee Kiondo ulikuwa na wajukuu wengi kama ukoo wowote. Watatu tu ndio wanaotuhusu, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na kipaji.

Elisaria alikuwa na jicho. Aliuza makava ya simu mjini Arusha, na hakuweza kuingia chumba chochote bila kusogeza kitu: kiti, pazia, picha ya ukutani. Alichokisogeza kilipendeza zaidi, hilo halina ubishi. Ubaya ni kwamba alilijua, na alitaka na wewe ulijue.

Kajiru alikuwa na kidole. Alifundisha jiografia katika sekondari moja ya Same, na hakuna kitufe alichowahi kukiona asikibonyeze. Redio ya mtu, kikokotoo cha mtu, simu ya mgonjwa aliyekwenda kumjulia hali: Kajiru angebonyeza aone kinafanya nini, kisha angebonyeza tena. Kwa njia hiyo alijifunza mambo mengi, na aliyoyaharibu hayakupungua sana kwa idadi.

Nakijwa alikuwa na kumbukumbu. Huyu ndiye mkubwa wao, miaka hamsini na miwili, elimu ya kidato cha nne, karani wa ofisi ya usharika. Angeweza kukuambia mama mkwe wa shangazi yako alibatizwa mwaka gani, na mchungaji aliyembatiza alikosea jina lipi. Hakuwa mtu wa kusahau, wala hakuwa mtu wa kumsamehe aliyesahau.

Kuhusu kuandika lugha za kompyuta, wote watatu walikuwa sawa: hawakujua hata herufi moja. Na kuhusu kudharauliana walikuwa sawa pia. Elisaria aliwaona wenzake washamba. Kajiru aliwaona wenzake waoga. Nakijwa aliwaona wenzake watu waliokuja duniani juzi na tayari wanapanga upya samani.

Sasa tuje kwenye sanduku.

Bibi Namsifu, dada wa babu zao, alikuwa na miaka tisini na mmoja. Alirudi nyumbani kwa baba yake baada ya kufiwa na mume, na tangu hapo alilinda sanduku la mbao la Mzee Kiondo. Ndani yake mlikuwa na daftari la ukoo, vyeti vya ubatizo, picha zilizoanza kuwa njano, na barua chache. Nakijwa, aliyeishi na Bibi kwa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyelifuta vumbi, aliyelihamisha mvua ilipovuja, aliyeweka majani ya kufukuza mende. Hakuwahi kuliomba, kwa kuwa hakuona la kuomba. Litakwenda kwa nani mwingine?

Krismasi ilipofika na ukoo ukapanda mlima kama desturi, Bibi aliita watu sebuleni.

"Watoto wa Kiondo tulikuwa watano," alisema. "Nimebaki mimi na mdogo wangu Semvua. Mnajua habari zake. Aligombana na baba mwaka hamsini na nane, akashuka kwenda Tanga kwenye mkonge, hakurudi. Kama amekufa, nataka kujua kaburi. Kama yu hai, nataka kumtukana kabla sijafa. Atakayemleta hapa, yeye au watoto wake, sanduku la baba ni lake."

"Tukimleta wengi, Bibi?" aliuliza Kajiru.

"Ni la mtu mmoja. Barua za baba waligawana kaka zangu, fungu kwa fungu. Fungu la mmoja lilikwenda kufungia karanga gulioni. Sanduku halikatwi."

Nakijwa alihesabu moyoni. Miaka kumi na mmoja ya kufuta vumbi, na sasa yanawekwa mashindano.

Elisaria tayari alikuwa amesimama. "Bibi, siku hizi mtu hatafutwi kwa barua. Tunafungua tovuti ya ukoo. Dunia nzima itaiona. Mimi nitaitengeneza."

"Wewe unajua kutengeneza tovuti?" aliuliza Nakijwa.

"Dada, siku hizi hakuna haja ya kujua. Unachagua, unabonyeza, unahifadhi. Vyote wameshavitengeneza watu wengine."

"Basi tovuti itakuwa ya watu wengine."

Watu walicheka, Elisaria naye akacheka, maana hakuelewa kwamba ametukanwa. Siku hiyohiyo alisema akilipata sanduku ataliweka dukani kwake ndani ya kabati la kioo, chini ya taa. Kajiru alisema yeye angelipeleka shuleni, wanafunzi washike historia kwa mikono yao. Nakijwa aliwaza mikono ya wanafunzi mia nne juu ya daftari la mwaka elfu moja mia tisa na ishirini na sita, akaenda jikoni asije akasema neno.

Hivyo ndivyo walivyogawana kazi: Elisaria sura ya tovuti, Kajiru mitambo yake, Nakijwa majina. Hakuna aliyetaka kushirikiana na mwenzake, lakini hakuna aliyeweza kumaliza peke yake. Mnawajua watu wa namna hiyo. Wengine mmekaa nao hapo.

Sikilizeni basi alichofanya Elisaria.

Tovuti huvalishwa themu, yaani vazi lililoshonwa tayari: rangi, herufi, mahali pa picha, mahali pa maneno. Elisaria alichagua themu iliyompendeza kuliko zote, akampigia simu Nakijwa aifungue. Nakijwa aliifungua kwenye kompyuta ya usharika. Juu kabisa kulikuwa na jina la Mzee Kiondo kwa herufi za dhahabu. Chini yake kulikuwa na bwawa la kuogelea, mzungu mmoja akinywa juisi, na kitufe kilichoandikwa: Weka nafasi ya chumba.

"Elisaria. Huyu anayekunywa juisi ni wa nyumba ya nani katika ukoo?"

"Hiyo ni picha ya mfano tu, dada."

"Mfano wa nani?"

"Ni themu ya hoteli. Nitaitoa hiyo picha."

Hakujua jinsi ya kuitoa. Mzungu alikaa wiki mbili. Shangazi mmoja wa Moshi alipiga simu kuuliza kama ukoo umefungua nyumba ya wageni, na mbona hakuambiwa. Mzungu alipoondoka, ikaja themu ya pili yenye milima inayosogea, mawingu yanayopita, na maneno yanayoingia yakitokea pembeni kama walevi. Nakijwa alibandika maharage jikoni, akaifungua kwenye simu ya Bibi. Maharage yalianza kulainika kabla mlima haujatokea. Alimwandikia Elisaria ujumbe wenye maneno manne: Maharage yameiva. Mlima haujafika.

Hapo Elisaria alikasirika, na hasira ilimfaa. Alitoa dukani simu ndogo kuliko zote, ile anayowauzia watu wanaosema wanataka ya kupigia tu, akasimama nayo nyuma ya gulio mahali ambapo mtandao ni kama uvumi. Akajaribu themu moja baada ya nyingine, kumi na tisa kwa jumla. Aliyoibakiza ilikuwa tupu kama ukuta: rangi mbili, picha moja ya Mzee Kiondo, herufi kubwa za wazee. Alizima vinavyosogea vyote. Alipunguza uzito wa kila picha. Alihangaika siku nzima na mstari mmoja wa juu mpaka jina la ukoo likae lote bila kukatika kwenye kioo kidogo. Hakuandika neno hata moja la lugha ya kompyuta. Alivua tu, akavua, akavua, mpaka ikafunguka upesi hata pale nyuma ya gulio.

Nakijwa alipoiona alisema, "Sasa inafanana na kitu." Kwake hiyo ilikuwa sifa, lakini hakuisema kwa sauti ya sifa.

Sasa sikilizeni alichofanya Kajiru.

Tovuti huongezewa plagini, vipande vinavyochomekwa ili ifanye kazi ambayo haikuijua. Vingi ni vya bure, na mtu mwenye kidole kama cha Kajiru ni bora umwachie sukari kuliko umwachie vitu vya bure. Alichomeka ishirini na tatu. Kimoja kilionyesha hali ya hewa ya Usangi. Kimoja kilihesabu wageni, nao wageni walikuwa ni yeye. Kimoja kilidondosha theluji, kwa sababu kilitengenezwa kwa ajili ya Krismasi za kwingine, na theluji hiyo ikawa inamwangukia Mzee Kiondo usoni, mtu aliyezaliwa na kufa bila kuigusa.

"Mwalimu," Nakijwa alimwambia kwenye simu, "babu anaganda."

"Ni urembo, dada. Watoto wameipenda."

"Watoto wanapenda pia kula udongo."

Siku ya pili tovuti ilikufa. Ukurasa mweupe, bila jina, bila babu, bila theluji. Kajiru hakumwambia mtu. Alikaa katika ofisi ya walimu akavizima vipande vyote, kisha akawa anawasha kimoja, anaangalia, anazima, anawasha kingine, anaandika kwenye karatasi kipi hakipatani na kipi. Alifanya hivyo siku nne, kwa subira ambayo hakuna aliyejua anayo, wala yeye mwenyewe. Vilivyobaki vilikuwa vitatu tu: kimoja cha kuchora mti wa ukoo, kimoja cha kutafuta jina lolote hata likiwa limefichwa katikati ya maelezo, na kimoja cha fomu ya mgeni kuandika ujumbe.

Katika kubonyeza kwake aligundua jambo jingine. Ndani kabisa ya mipangilio palikuwa na kisanduku kidogo kilichotiwa alama tangu siku ya kwanza, kinachoiambia mitambo ya kutafuta mtandaoni ipite kando, isiisome tovuti hii. Miezi miwili walikuwa wanaita watu huku wamefunga mdomo! Elisaria alikuwa amepita hapo mara mia asikione, maana hakikuwa na rangi. Kajiru alikiondolea alama. Tangu dakika hiyo dunia iliweza kuwaona, ikitaka.

Na Nakijwa?

Nakijwa alikuwa akiingiza majina. Kila siku baada ya kazi alilitoa daftari sandukuni, akaliweka juu ya kitambaa safi, akachapa. Watu mia moja sitini na nne. Jina, jina la baba, jina la mama, na umri wa waliokufa wachanga, basi. Kajiru alimshauri aweke na mwaka wa kuzaliwa, na maelezo kidogo.

"Ya nini? Nani asiyewajua?"

"Wageni, dada."

"Mgeni asiyewajua anatafuta nini kwetu?"

Hapa lazima mjue desturi ya Wapare wale. Mtoto wa kiume, mara nyingi wa kwanza, hupewa jina la babu mzaa baba. Kiondo humzaa Semvua, Semvua humzaa Kiondo, na Kiondo humzaa Semvua, kama mtu anayepanda na kushuka ngazi ileile. Kaka watatu wakizaa, wanapatikana Kiondo watatu kwa mpigo. Kwa wasichana ni vivyo hivyo. Ndani ya daftari hapakuwa na mkanganyiko, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake, na mzee aliyeandika alitofautisha kwa wino na kwa maelezo madogo ya penseli pembeni. Maelezo ya penseli Nakijwa hakuyachapa. Yeye aliyajua.

Alipomaliza, kile kipande cha mti wa ukoo kilimwonyesha Kajiru ujumbe: Kuna watu wanaofanana. Je, niwaunganishe wote?

Kulikuwa na kitufe. Kajiru alikibonyeza.

Watu mia moja sitini na nne wakawa sabini na mmoja. Mzee Kiondo, aliyezaliwa zama za Mjerumani, akawa mtu mmoja na mtoto anayesoma darasa la tano Moshi. Mke wa mtu akawa mama mkwe wake mwenyewe. Mjomba mmoja wa Mwanga alipiga simu: "Nakijwa, nimeangalia huko mtandaoni nimekuwa baba wa baba yangu. Krismasi nani anamwamkia mwenzake, mimi au yeye?" Na nakala ya akiba haikuwepo. Kipande cha kutunza nakala kilikuwa miongoni mwa vile ambavyo Kajiru alivizima.

Nakijwa hakupiga kelele. Watu wanaomjua wanasema ingekuwa nafuu angepiga. Alimwambia Kajiru, "Mwalimu, Mungu alihitaji gharika kufuta watu. Wewe umetumia kidole," akakata simu.

Kisha akaona jambo baya zaidi. Bibi Namsifu alikuwa na wadogo wawili walioitwa Semvua. Wa kwanza alizaliwa akafariki baada ya miezi miwili. Jina likapewa aliyefuata, ndiye huyu aliyepotea. Jina moja, baba mmoja, mama mmoja. Tovuti ilikuwa imewafanya mtu mmoja, na ilisema mtu huyo amefariki akiwa na umri wa miezi miwili. Mtu yeyote wa Semvua angefungua ukurasa, angesoma kwamba babu yake alikufa kabla ya kuota meno, angeufunga.

Alianza upya. Wiki tatu. Safari hii aliweka kila kitu: mwaka, kijiji, nyumba ya mama, alama ya mwilini kama ipo, na kila neno la penseli lililokuwa pembeni. Pale ambapo penseli ilifutika alitumia kichwa chake, na kichwa chake hakikukosea. Alipofika kwa Semvua wa pili alihitaji kitu kimoja cha kumtenga na mtoto aliyekufa. Pembeni, kwa herufi ndogo za Mzee Kiondo mwenyewe, paliandikwa jina la nyumbani ambalo hakuna aliyelitamka tena: Mrindoko. Nakijwa alilichapa.

Siku kumi na saba baadaye, fomu ya Kajiru ilileta ujumbe.

"Shikamooni. Naitwa Mwanahamisi, nipo Muheza. Babu yetu tunamwita Mzee Rashidi. Amekuja mtu wa kuandikisha vitambulisho, akamuuliza jina la kuzaliwa. Babu akasema Mrindoko, na kwamba dada yake ni Namsifu. Hatujawahi kulisikia. Nimeliandika kwenye simu, mkatokea ninyi. Huku shambani mtandao ni wa kubahatisha na simu yangu ni mbovu, kila kitu hukwama, ila ukurasa wenu umefunguka. Je, huyu mzee ni wenu?"

Walimpandisha mlimani mwezi uliofuata, mzee mrefu mwenye kofia nyeupe, miaka themanini na saba, amemshika mjukuu wake bega. Ukoo mzima ulisimama uani. Bibi Namsifu hakusimama.

"Ulikuwa wapi?"

"Muheza."

"Miaka yote hiyo?"

"Dada, mashamba ni makubwa kule."

Basi Bibi akamtukana kama alivyoahidi, kwa Kipare, kwa muda mrefu, bila kurudia tusi. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, machozi yakimwingia ndevuni, na alipoona dada yake ameishiwa pumzi akamkumbusha tusi moja alilolisahau, ambalo mama yao alilipenda. Bibi akacheka mpaka akalia. Alimshika mkono, hakuuachia tena siku ile.

Baada ya chakula sanduku lililetwa sebuleni, na ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga ya Bibi.

"Haya," alisema. "Semeni, na msiseme sana."

Elisaria alitangulia. "Bibi, binti amesema kwa mdomo wake, kila kitu hukwama ila sisi. Nani aliwafungulia? Hawa wangeweka majina elfu na mitambo elfu, bila mimi yangebaki gizani. Mtu hawezi kusoma kisichofunguka."

"Kimefunguka baada ya mzungu wako kumaliza juisi," alisema Kajiru. "Bibi, nyumba nzuri iliyofungwa madirisha ni kaburi. Mimi ndiye niliyeondoa ile alama. Mimi ndiye niliyeweka cha kutafutia na fomu aliyoandikia. Angeiona vipi? Angetujibu wapi?"

Nakijwa alisimama mwisho. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu asubuhi. "Binti hakutafuta rangi, Bibi. Hakutafuta vitufe. Alitafuta jina. Jina lilikuwa kwenye penseli, penseli ilikuwa kwenye daftari, na daftari lipo kwa kuwa kuna mtu amelilinda. Hawa wamevaa nguo zilizoshonwa na watu wasiowajua na kuchomeka vitu vilivyotengenezwa na watu wasiowajua. Mimi ndiye pekee hapa niliyeleta kitu cha kwetu."

Hata waliomchukia waliitikia kwa kichwa. Nakijwa aliona macho ya Bibi yakimgeukia, na mkono wa Bibi ukienda kwenye pindo la kanga.

Mzee Mrindoko akakohoa. "Samahanini. Mnasema mmenitafuta. Mimi sikupotea. Nilijua nilipo siku zote."

"Wewe nyamaza," alisema Bibi. Alifungua pindo taratibu. "Nina swali moja kwa kila mmoja, na atakayenidanganya atoke. Elisaria. Ile nguo ya mwanzo, na ile ya mlima unaosogea. Dada yako asingekudhihaki kwa maharage yake, ungezivua?"

Elisaria alitazama viatu vyake. "Hapana, Bibi."

"Kajiru. Wewe ndiye uliyefungua madirisha. Siku uliyowaunganisha watu wangu na kumuua mdogo wangu akiwa mtoto mchanga, ulisoma kwanza ule ujumbe mpaka mwisho?"

"Hapana, Bibi."

"Nakijwa."

"Abee, Bibi."

"Mara ya kwanza uliandika majina yote bila Mrindoko. Je, Kajiru asingekuharibia kazi yako, ungeliandika?"

Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua jibu. Kulikuwa na njia kumi za kulipindisha, na Nakijwa, aliyesikia watu wakipindisha habari za ukoo maisha yake yote, alizijua zote kumi. Angeweza kusema alikuwa amepanga kuliongeza baadaye. Angeweza kusema kwamba hakumbuki, na lingekuwa neno la kwanza la namna hiyo kutoka kinywani mwake. Alilitazama sanduku. Aliuona ule mkwaruzo wa upande wa kushoto, wa mwaka ule wa mvua, alipolibeba peke yake.

"Hapana, Bibi," alisema. "Nisingeliandika. Niliona halina haja."

Kajiru alifumbua mdomo kushangilia. Akamtazama dada yake usoni, akaufumba.

Bibi aliwanyooshea kidole mmoja mmoja. "Kwa hiyo mmoja alifungua kwa sababu alitukanwa. Mmoja aliwezesha jina liandikwe kwa sababu aliiharibu orodha nzima. Na mmoja alilijua jina akalificha kwa kiburi mpaka akalazimishwa. Na kwa upumbavu wenu wote watatu, mdogo wangu amekaa hapa." Akamgeukia Mrindoko. "Wewe ungempa nani?"

"Mimi nimekuja kwa gari la kukodi," alisema mzee. "Mpe dereva."

Watu walicheka, isipokuwa wale watatu. Bibi hakucheka pia. Alinyoosha mkono wenye ufunguo katikati ya sebule, mbele ya wajukuu wake, akafumba macho kama mtu anayesubiri aambiwe.

Haya, ninyi mliosikia. Elisaria aliivua tovuti mpaka ikafunguka kwenye simu mbovu kuliko zote. Kajiru aliondoa alama iliyowafunga mdomo, na kidole chake kilekile kilichoharibu ndicho kilicholitoa jina mafichoni. Nakijwa alilitunza jina kwa miaka kumi na mmoja, akakataa kulisema, akalisema, kisha akakiri mbele ya watu kwamba asingelisema. Sanduku ni moja na halikatwi. Mkono wa mtu wa miaka tisini na mmoja hauwezi kukaa hewani siku nzima.

Wewe ungeuelekeza kwa nani?